Mabega Watatu, na Mmoja Aliyejua Kubeba

Blanketi zito likipigwa na jua juu ya mabati hutoa harufu yake lenyewe: vumbi, jasho lililokauka, na kitu kama mkate ulioungua kidogo. Wiki jana nilipita nyuma ya nyumba za majirani nikaipata harufu hiyo, nikasimama na ndoo yangu mkononi. Jirani aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nilimwambia hapana. Kwa kweli nilikuwa nimerudi Nyalenda, mtaa wa utoto wangu, ndani ya kibanda cha video cha Mama Beryl, ambako mablanketi manne yalitundikwa kwenye madirisha ili giza liingie saa nane ya mchana.

Kibanda kilikuwa cha mabati pande zote. Jua likiwaka, ndani palikuwa kama tanuri, lakini hakuna mtoto aliyelalamika. Tulibanana kwenye mabenchi ya mbao, miguu ikining'inia, macho kwenye runinga iliyowekwa juu ya kreti za soda. Mama Beryl, mwenye kibanda, alikaa mlangoni na sinia mapajani akichambua dagaa wa omena, na kandambili moja alikuwa ameivua tayari. Hiyo ilikuwa ya kumpiga mtoto yeyote ambaye angesema mwisho wa sinema kabla haujafika.

Shujaa wetu tulimwita Mabega. Kwa Kiingereza alikuwa na jina refu ambalo hakuna aliyeliweza. Hakuruka angani wala hakutoa moto mikononi. Alivaa nguo ya rangi ya majivu na kitambaa cha kuficha macho, na nguvu zake zote zilikuwa mabegani. Kitu kizito kikitaka kuangukia watu, yeye alikuja akasimama chini yake. Basi. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, na sisi tuliiona kubwa kuliko kuruka.

Mama Beryl alikuwa na CD tatu za Mabega. Zilitengenezwa miaka tofauti, na katika kila moja Mabega aliigizwa na mtu mwingine. Hadithi haikubadilika sana. Zote zilikuwa na daraja linalovunjika, basi la watoto likiwa juu yake, na Mabega anaingia chini, anashikilia mpaka mtoto wa mwisho avuke. Daraja ni lile lile, watu watatu. Mnaweza kufikiria ugomvi tuliokuwa nao.

Mabega wa pili ndiye aliyependwa na wengi. Alikuwa na misuli hadi shingoni. Alipolishika daraja alipiga kelele mpaka mabati yetu yakatetemeka, na mishipa ikamtoka kwenye paji la uso kama minyoo. Msemaji wa upande wake alikuwa Brian, mvulana wa darasa la saba aliyekuwa na sauti kubwa na aliyependa kukunja mikono ya shati ili tuone misuli yake mwenyewe, ambayo haikuwepo.

Mabega wa tatu alikuwa kijana mzuri wa sura. Alishikilia daraja huku akimtania msichana aliyekuwa dirishani mwa basi. Mercy, rafiki yangu wa dawati moja, alimpenda huyo mpaka akaandika jina lake nyuma ya daftari la hesabu.

Mabega wa kwanza alikuwa wa zamani. Rangi za sinema yake zilikuwa zimefifia, na yeye mwenyewe alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye mashavu yaliyoingia ndani. Wenzangu walimwita Mzee Njaa. Alipofika chini ya daraja hakupiga kelele. Aliangalia chini kwanza. Alisogeza mguu wa kulia nyuma, akaurudisha kidogo, akausogeza tena. Akavuta pumzi. Akakunja magoti, akaweka bega, na uso wake ukanyamaza kabisa, kama uso wa mtu aliyelala. Mtoto wa mwisho alipovuka, aliketi kando akapewa kikombe cha maji, na maji yakamwagika kwa sababu vidole havikutaka kukunjika.

Huyo ndiye niliyempenda. Sikujua kwa nini. Nilikuwa mtoto wa kukaa benchi la nyuma, mtoto ambaye mwalimu akimtaja jina anasahau hata jibu analolijua. Kwa hiyo nilimpenda kimya kimya.

Sasa niwaambie kuhusu baba. Baba alikuwa mtu wa mkokoteni. Alibeba magunia ya mahindi na saruji, akayashusha kwenye malori, akayapanga kwenye mkokoteni wake na kuyavuta hadi soko la Kibuye, au popote alipotumwa. Alikuwa mpole na mwenye maneno machache, na alinipenda. Lakini shuleni kulikuwa na watoto waliowaita watu wa mkokoteni punda. Basi nikitoka shule na wenzangu na kuuona mkokoteni wake unakuja, nilikuwa nainama kufunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

Jumamosi moja Mama Beryl alizima runinga na kutugeukia.

"Sikizeni nyinyi," alisema. "Yule jamaa wa Katito anakuja kesho. Namwachia CD mbili za zamani, ananipatia moja mpya. Hizi za Mabega nimechoka nazo. Naweka moja tu. Zingine mbili ziende. Semeni ni gani inabaki."

Mnajua kelele za kuku mwewe akipita? Ndivyo ilivyokuwa. Mama Beryl alipiga kandambili kwenye mlango, akasema kila upande utoe mtu mmoja. Brian alisimama kabla hajaitwa. Alisema Mabega wa kweli ni wa misuli, kwamba bila misuli shujaa ni mwalimu tu. Mercy akasimama, akasema shujaa asiye na sura nzuri hakuna atakayetaka kuokolewa naye. Watu wakacheka, wakapiga makofi.

"Na Mzee Njaa?" Mama Beryl aliuliza. "Hana mtu?"

Niliona akilini ile CD ikiwa kwenye mfuko wa jamaa wa Katito, ikienda mahali ambapo sitaiona tena. Nikainua mkono. Si sana. Mpaka hapa tu, usawa wa sikio.

"Adhi!" Brian alishangaa. "Hata wewe unaongea? Haya, tuambie. Yule mzee ana nini?"

"Anabeba vizuri," nilisema.

"Vizuri? Adhi, wacha mchezo. Si uangalie venye anainama! Yule anabeba kama mtu wa mkokoteni!"

Kibanda kizima kilicheka. Mmoja nyuma yangu akalia kama punda, na wakacheka tena. Mercy, aliyejua baba yangu ni nani, aliangalia miguu yake.

Hapo ndipo nilipomwona Mabega wa kwanza vizuri, ingawa runinga ilikuwa imezimwa. Ule mguu unaorudi nyuma. Ile pumzi. Nilikuwa nimeviona maelfu ya mara kabla sijaviona kwenye sinema. Nilikuwa na nafasi ya kuketi na kunyamaza, na hakuna ambaye angenilaumu. CD ingeenda Katito, nami ningeendelea na kamba zangu za viatu.

Nikasimama.

"Ndiyo," nilisema. "Anabeba kama mtu wa mkokoteni. Anabeba kama baba yangu."

Kicheko kilikatika kwanza pale mbele, kisha kikafa benchi kwa benchi hadi nyuma. Maneno yalikuwa yameshaanza kutoka.

"Baba hawezi kuinua gunia kabla hajajua miguu yake iko wapi. Na hapigi kelele. Akipiga kelele pumzi inaisha. Akirudi nyumbani anashika kikombe kwa mikono miwili, kwa sababu vidole vinakataa. Hawa wengine wawili wakimaliza wanatembea tu, kama hawakubeba kitu. Yule mzee peke yake ndiye anayechoka." Nikamgeukia Brian. "Na baba yangu hajawahi kuangusha gunia."

Nilikaa chini. Sikumbuki kukaa, nakumbuka benchi likiwa moto.

Mama Beryl alikuwa ameacha omena zake. Aliangalia nje ya mlango, kisha akaita, "Baba Adhi! Njoo kidogo!"

Nilidhani nitakufa. Baba aliinama kupita mlangoni, gunia lililokunjwa likiwa begani mwake, lile la kuzuia mzigo usimchubue. Nje niliona mkokoteni umesimama, umejaa saruji.

"Mama Beryl, mzigo ya watu iko kwa barabara," alisema.

"Dakika mbili tu, Baba Adhi. Hawa watoto wanabishana nani anajua kubeba. Wewe ndiye fundi. Angalia, utuambie."

Akamwekea madaraja matatu, moja baada ya jingine. Baba alitazama akiwa amesimama. Alipomwona yule wa misuli alitikisa kichwa.

"Huyu amekula vizuri," alisema, na watoto wakacheka. "Lakini hiyo daraja haina kilo. Angalia magoti, imenyooka kama ya askari kwa gwaride. Ukibeba hivyo leo, kesho wewe ndio unabebwa."

"Ah, Mzee!" Brian alilia.

Kwa yule mwenye sura nzuri, baba alicheka mwenyewe. "Na huyu anaongea na msichana. Pumzi anatoa wapi?"

"Si ako na nguvu ya ajabu, Baba Adhi!" Mercy alimtetea.

"Hata nguvu ya ajabu inataka pumzi, mama."

Kisha Mama Beryl akaweka ya zamani. Baba aliitazama mpaka mwisho. Ilipoisha alisema, "Rudisha." Ikarudishwa. Alisogea mbele mpaka watoto wakapiga kelele kwamba wanaona mgongo tu. Yule mzee kwenye runinga aliposogeza mguu nyuma, mguu wa baba nao ukasogea, pale pale kwenye sakafu ya udongo, bila yeye kujua. Niliuona. Nafikiri wote tuliuona.

"Huyu mzee," baba aliuliza, "anafanya kazi wapi?"

Kicheko kilichopasuka hapo kingeweza kung'oa mabati. "Baba Adhi, ni actor! Ni sinema!"

"Najua ni sinema," baba alisema, bila kukasirika. "Nauliza kabla ya sinema. Alikuwa anabeba wapi? Maanake huyu hakufunzwa na kamera. Huyu amebeba."

Mama Beryl akasema tupige kura. Yule wa Brian alipata mikono mingi, bila shaka. Wa Mercy alipata kidogo. Nilipoinua wangu kwa ajili ya Mzee Njaa nilitegemea kuwa peke yangu, lakini tulikuwa saba, na mmoja wetu alikuwa Mercy, aliyekuwa amepiga kura mara mbili. Tulishindwa. CD yangu ingeenda Katito.

"Kesho inaenda," Mama Beryl alisema. "Leo bado ni yangu. Baba Adhi, kaa chini uone mwenzako."

Baba aliangalia mkokoteni, akaangalia runinga, akaja kuketi kando yangu. Watoto walimpisha. Alinuka jasho na saruji, na mimi sikusogea hata kidole. Tuliitazama sinema yote, na baba alimshauri Mabega tangu mwanzo hadi mwisho kama wanavyoshauriana watu wa kazi moja. "Usiharakishe. Tafuta mahali pa mguu. Sasa goti! Weka goti!" Tulipofika kwenye daraja kibanda kizima kilikuwa kinapiga kelele pamoja naye, "Weka goti! Weka goti!" na sauti ya Brian ilikuwa juu ya zote. Mwenye saruji alikuja kumtafuta baba, akachungulia mlangoni kwa hasira, akaishia kusimama hapo mpaka mtoto wa mwisho akavuka.

Tangu siku hiyo, kwenye bomba la maji, watoto wa mtaa wetu hawakuinua mtungi bila kuambizana waweke goti. Brian alimfuata baba siku moja akamwomba amwonyeshe vizuri. Na sauti ya punda sikuisikia tena, au labda ilisikika na mimi sikuwa na haja ya kuisikiliza. Siku ile ile, ingawa nilishindwa kura, nilitoka kibandani kifua mbele, nikausukuma mkokoteni wa baba kutoka nyuma, mchana kweupe, barabara yote.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba baba alikuwa akipita tu, na Mama Beryl akamwona. Mwaka jana, tukiwa nyumbani Asembo, nilimsimulia mama hadithi hii, naye akaniangalia kana kwamba nimechelewa sana.

"Hakuwa anapita," alisema. "Alikuwa amesimama nje ya hayo mabati. Alisikia mtu anasema mtu wa mkokoteni, akafikiri anaitwa kazi. Akasimama. Ndipo akasikia wanacheka. Alirudi nyumbani hataki hata kula kabla hajaniambia. Alisema, 'Leo nimetajwa kwa sinema.'"

Baba hajawahi kunigusia jambo hilo, nami sijamuuliza. Lakini sasa najua alisimama pale juani, saruji ya watu ikimngoja, kati ya kile kicheko na jibu langu. Nilidhani aliingia kutuamulia ni Mabega yupi anayejua kubeba. Alipoinama kupita mlango ule, alikuwa tayari ameshapata alichokuwa akisubiri kukisikia.