Ufito Uliogusa Bati

Mpaka leo nikisikia kitu kinakwaruza bati juu ya kichwa changu, shingo inanikakamaa, na narudi chumbani kwa bibi kule Lionja, nilipokuwa nimewekwa ndani.

Nilivunja ungo likizo ilipoanza tu. Wenzangu walikuwa mashambani wakiokota korosho, mimi nimefungiwa mlango, nanuka mafuta ya nazi na jasho langu mwenyewe, nasubiri siku ya ngoma nitolewe. Mwali haonwi na wanaume, hapazi sauti, hachungulii dirishani. Nilijiona kama kuku aliyefunikwa tenga. Na mimi, jamani, nilikuwa mtoto wa mtoni. Likizo zote nilizimalizia kando ya Mbwemkuru na mjomba, kila mtu na mwanzi wake, tukitafuta kambale.

Mjomba huyo, kaka wa mama, aliishi Ruangwa. Siku moja akaja na fito mbili za faiba alizoachiwa na mgeni ambaye yeye mjomba alimwongoza kuvua. Zilikuwa nyembamba na laini, zinapinda mpaka mkononi, za kurushia chambo cha manyoya kisicho na uzito. Mmoja mrefu, mwingine mfupi. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, lakini hata yeye hakuruhusiwa kuniona. Bibi akaziingiza ndani, mjomba akabaki nyuma ya ukuta.

Akanisemesha kutoka huko. Nitakaouchagua ndio wangu, unaobaki ni wa binamu yangu Hamisi. Niushike, nirushe mkono, nisikilize unavyorudi. Nitafute wa kunifaa mtoni na ziwani pia.

Nikaanza na mrefu. Nilipounyanyua ukakwaruza bati, nilipougeuza ukaangusha sufuria, na bibi akainama kulinda jicho lake huku akinung'unika kwamba mwaka huu atauawa na uvuvi. Ule mfupi ulicheza vizuri, haukugusa kitu. Nikamnong'oneza bibi.

"Kasema huu mfupi," bibi akapeleka jibu. "Eti haugusi bati."

Nikamsikia mjomba akikwaruza ukuta kwa kucha.

"Haya," mjomba akasema. "Wake huo."

Nilipotolewa alitupeleka kwenye ziwa dogo upande wa Chunyu. Perege walikuwa wanaruka mbali, katikati ya maji. Hamisi akatupa mshipi ukawafikia. Wangu uliishia kwenye matete. Nilirusha mpaka bega likauma. Hamisi akanitania kwamba mchagua jembe si mkulima, nikalia kwa hasira.

"Mama," mjomba akaniambia taratibu, "uliupimia ndani."

Nilimkasirikia kwa neno hilo miaka mingi. Alijua tangu pale ukutani, kwa nini asinizuie?

Ufito huo ninao bado. Mtoni, chini ya matawi, hakuna unaoushinda. Ziwani naazima wa Hamisi, naye hachoki kunikumbusha jembe.

Nilikuwa mtu mzima nilipomwelewa mjomba. Siku zote zile za ndani nililishwa, nilioshwa, nilifundwa, nikaambiwa lini nilale na lini niinuke, na hakuna aliyeniuliza ninataka nini. Yeye peke yake aliniuliza. Jibu langu lilipomfikia akaona ni baya, lakini lilikuwa langu, na hakutaka kuninyang'anya.