Nilikuwa Namwitikia Mwalimu wa Antena, Ukoo Ukanipa Mlima

Admin, jina langu lifiche, umri uache watu wauone. Nina miaka sitini na moja, ni mkulima wa kahawa huku Kyondo, na ninajiandaa kwa mtihani wa juu wa mitandao ya Wai-Fai. Anayetaka kucheka acheke sasa, mbele kuna shida.

Shule niliacha darasa la tano. Kiswahili changu ni cha jeshi, walikonibebesha redio mgongoni na kunifundisha kusema "afande" hata kwa mjinga. Nilipotoka nilitengeneza redio za watu pale Bwera, kisha nikaanza kupanda nguzo kufunga antena za kampuni moja ya Kasese. Nimepanda Karambi, nimepanda Bugoye. Lakini wanaoamua nguzo isimame wapi ni wale wenye cheti cha juu. Mimi napanda tu kama nyani, na magoti yameanza kukataa. Cheti cha kwanza nilipata, Mungu mwenyewe anajua vipi. Sasa nataka hiki kikubwa, nami siku moja nikae chini na kalamu, mwingine awe juu anapigwa na upepo.

Mpango wangu wa kusoma ni huu. Kabla ya chai, sura moja. Nikipalilia kahawa, video masikioni. Jioni namfundisha mke wangu, Mama Masika, hata kama amelala. Sura nimezipa majina kama tunavyowapa watoto kwa mfuatano wa kuzaliwa: ya kwanza Baluku, ya pili Bwambale, ya tatu Masereka. Huyo Masereka ni usalama wa mtandao, na amekataa kunyonya kabisa. Majaribio nimeshaanguka, nikaanguka tena. Si neno, bado nasoma.

Sasa sikilizeni kosa langu. Kwetu kila mgongo wa mlima una mzee wake. Ndiye anayeonyesha mipaka ya mashamba na kupatanisha waliogombana, na watu humjia tangu asubuhi. Wa kwetu alifariki. Wazee wa ukoo wakaja nyumbani, wakiongozwa na mdogo wangu, nitamwita Thembo. Kulikuwa na baridi, nimevuta kofia mpaka shingoni, na ndani ya kofia video inaendelea. Niliwapa mikono, nikaketi nao. Nikaona aibu kuvua kofia nionekane na nyaya kama mtoto wa sekondari. Nikadhani wameleta mambo ya bei ya kahawa, nitawauliza baadaye.

Thembo akasimama, mdomo unaenda. Mimi kule ndani ya kofia mwalimu wa video amefika pazuri: kati ya antena mbili kuna nafasi nono, kama mtu mnene amelala hewani, na mti ukimchoma tumboni mtandao unakufa. Nikainamisha kichwa. Akaongeza, nikainamisha tena, taratibu, nimefumba macho.

Wenyeji wangu mnajua nilichofanya. Kwetu mtu akiletewa neno kubwa haruki kusema ndiyo kama aliyeona nyama. Hunyamaza, huinamisha kichwa. Hiyo ndiyo "ndiyo" yenyewe.

Nilipovua kofia, Mama Masika alikuwa mlangoni anapiga vigelegele.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Usijifanye mpole sasa. Wewe ndiye mzee wa mlima."

Nikamkimbilia Thembo njiani. "Nilikuwa na vitu masikioni. Sikusikia hata neno moja."

"Umenyamaza vizuri mpaka wazee wakatoa machozi, leo unaniambia ulisikiliza redio?"

"Si redio, ni somo."

"Somo! Baba alikufa na meno yake yote, alisoma somo gani?"

"Ndiyo maana hakuwa na Wai-Fai."

Hakucheka. Akasema polepole, "Kaka, wengine walimtaka mtu mwingine. Mimi ndiye niliyesimama nikasema wewe unafaa. Ukikataa, mwongo ni mimi, mbele ya mlima mzima." Hapo alinichoma, sitaficha.

Kesho yake wakaleta mbuzi. Anachinjwa Jumapili baada ya misa, nikila ini mambo yamefungwa. Mtihani wangu ni Jumatatu asubuhi, Kampala. Basi linaondoka Kasese Jumapili hiyo hiyo.

Niliuliza kama naweza kuwa vyote viwili. Wakasema mzee wa mlima hapandi nguzo, wala haketi kusahihishwa na kompyuta. Na kweli, nitasoma wapi? Kitabu kinasema mwili wa mtu ni maji, unakula mawimbi ya mtandao. Uani kwangu kukijaa mifuko ya maji inayogombania mpaka, hata simu haitashika.

Mama Masika akasema, "Mtihani fanya mwaka ujao. Mlima hauhami."

"Kama hauhami, basi unisubiri."

Tangu siku hiyo chakula hakina chumvi.

Anayenitetea ni mmoja tu, mama wa Butembo, kule Kongo, anayeuza vitenge Bwera. Naye hutetea akinicheka: "Papa, batu banakuletea kiti, weye unakimbilia egzame! Enda tu. Ukianguka, kuya hapa, tutalia pamoja."

Basi ndugu wasomaji, msinichagulie kati ya mlima na mtihani. Nimechagua, basi la Kampala nitalipanda, hata nikienda kuanguka. Ninachowauliza ni kuhusu mdogo wangu. Niwaite wazee Jumamosi niseme hapana mbele yao, aaibike mimi nikiwepo kubeba nusu ya matusi? Au niondoke kimya, niseme nikirudi, yeye akiwa amebaki peke yake na wazee wenye njaa? Moyo unaniambia Jumamosi, lakini moyo wangu haujawahi kuongea na wale wazee.

Na wewe unayetaka kuniandikia "mzee, pumzika", andika kwa herufi kubwa. Macho yangu nimemtunzia Masereka.