Barua ya Kwanza Haijibiwi

Mume wangu Klementi amekuwa mshenga kwa miaka ishirini na miwili. Hapa Kilwa Masoko, ukitaka kumposea mwanao unamtafuta yeye kabla hujamtafuta padri au shehe. Riziki yake ni ufuta: anaununua vijijini na kuwauzia wenye malori, biashara iliyomnyanyua tangu serikali iliporuhusu kila mwenye mzani anunue. Lakini moyo wake uko kwenye posa. Akitumwa kuchunguza familia haanzii kwenye nyumba yenyewe. Anaanzia kisimani, kwa fundi baiskeli, kwa muuza vitumbua. Nyumbani kwenyewe anafika bila taarifa, anaomba maji ya kunywa, kisha anatazama nani anatumwa kuyaleta na kwa sauti gani. Kwa hilo namsifu. Kwa mengine msinitegemee.

Mwaka 2007 mambo mawili yalitukuta pamoja. Mimi ni muuguzi, nikapata uhamisho wa kwenda Dar es Salaam, niripoti mwanzoni mwa Oktoba. Na binti yetu Romana, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita, alikuwa ameomba kusoma sheria katika vyuo vikuu vitatu, vyote vya huko huko Dar ili akae na sisi. Mwezi wa nane barua zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine, na zote zilimkubali.

Sheria hakuichagua kwa fahari. Miaka hiyo wawekezaji walikuwa wanazunguka pwani yetu wakinunua viwanja, na mama yangu kule Kinjumbi aliweka dole gumba kwenye karatasi aliyoambiwa ni ya sensa ya minazi. Minazi yenyewe leo iko ndani ya ukuta wa mtu. Romana ndiye aliyemsomea bibi yake ile karatasi, akiwa kidato cha pili, na tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari ya ualimu wala uuguzi.

Basi Klementi akasema hawezi kumpeleka mtoto wake kwenye ukoo asioujua. Alivipa vile vyuo majina yake mwenyewe. Cha kwanza alikiita Mkongwe, chuo cha serikali cha miaka mingi. Cha pili, Masista, kwa kuwa kilikuwa cha kanisa. Cha tatu kilikuwa cha watu binafsi, kimepanga ghorofa mbili juu ya duka la vipuri vya magari, na kilikuwa kinajitangaza redioni asubuhi na jioni. Hicho alikiita Ghorofani, na alipokitaja alikunja pua.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema. "Umewahi kusikia familia ya maana inamtangaza kijana wao redioni?"

Mwanzoni mwa Septemba akapanda basi, fomu ya kuthibitisha nafasi ya Mkongwe ikiwa mfukoni, imejazwa na kutiwa sahihi. Mwisho wa kuithibitisha ulikuwa tarehe kumi na nne. Alikaa Dar siku nne, na aliporudi alitusimulia mpaka chai ikapoa.

Mkongwe alikuwa na jina, hilo hakulipinga. Aliongea na mama wa maandazi wa getini, akaambiwa wanafunzi hugoma na kurudishwa makwao, lakini pia akaambiwa hakimu wa wilaya yetu alitoka pale, na wawili waliomtangulia. "Ukoo wenye ugomvi wa ndani, lakini unazaa watu," akasema. Masista palikuwa pasafi, geti hufungwa saa mbili, ila kozi ya sheria ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ianze, na mlinzi mwenyewe hakujua kama ipo. Ghorofani alipita katikati ya mafuta ya breki na matairi kufika kwenye ngazi. Maktaba ilikuwa sawa na sebule yetu. Alikiri kwamba mwalimu mmoja alimwita kila mwanafunzi kwa jina, na kwamba aliletewa maji kabla hajaomba. Lakini hata hilo alilitilia shaka.

"Babu yao nani?" aliuliza. "Chuo cha miaka minne! Binti anakwenda Mkongwe."

Romana aliruka, akamshika baba yake mabegani. Kisha akauliza, "Kwa hiyo fomu umeshawapa?"

"Mambo ya barua niachie mimi, mama."

Nilipaswa kumbana pale pale. Sikumbana, na hilo najilaumu. Nilikuwa nafunga vyombo kwenye maboksi, mitungi haijapata wa kuichukua, mwenye nyumba wa Dar anapiga simu kila siku, na kichwa changu hakikutulia hata dakika mbili. Romana naye alishindwa kukaa. Alifagia uwanja asubuhi, akaufagia tena mchana. Akaanza kufungua maboksi niliyokwishafunga, akidai anatafuta kamusi. Na Klementi kila siku alikwenda posta kutazama sanduku, akirudi mikono mitupu na uso wa mtu anayejua analolingoja. Nilidhani anangoja hundi ya ufuta.

Tarehe kumi na nane Alfonsi, aliyesoma na Romana Lindi na kuchaguliwa pamoja naye Mkongwe, alimpigia simu. Orodha ya waliothibitisha ilikuwa imebandikwa ukutani. Aliisoma mara mbili. Jina la Romana halikuwemo.

Romana alitoka nje na simu mkononi, baba yake alikuwa anapima magunia. "Baba, ile fomu iko wapi?"

Klementi hakushtuka. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Aliingia ndani, akaitoa kwenye koti la kanisani, imekunjwa vizuri, haina hata alama ya kidole.

"Barua ya kwanza haijibiwi," akasema, kwa ile sauti yake ya kwenye posa. "Sisi ndio wenye binti. Ukijibu siku hiyo hiyo wanakuona una njaa, na mtoto hataheshimiwa kwa watu. Wataandika ya pili. Haraka haraka haina baraka, Mama Romana."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, Baba Romana!" nilimpigia kelele mbele ya wauza ufuta, na sikuona haya. "Wamechumbia watu elfu tano hao! Nani atakuandikia ya pili?"

Romana hakulia. Aliichukua ile fomu, akaisoma tarehe yake kwa sauti, akaenda kufunga begi.

Kesho yake tulikuwa Mkongwe sote watatu. Kwenye ofisi ya udahili alikaa dada mmoja mdogo, akatuamkia shikamoo, akatupa viti. Klementi hakukaa. Alivua kofia.

"Mwanangu, mimi ndiye baba yake. Kosa ni langu, mtoto hana kosa. Naomba."

Sijawahi kumsikia mume wangu akisema naomba kwa mtu. Yule dada alifungua daftari, akatuonyesha. Nafasi ilikuwa imepewa mwanafunzi wa orodha ya akiba tangu siku mbili nyuma. Alitupa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Masista walikuwa wamefunga usajili wiki iliyopita. Ghorofani mwisho wao ulikuwa siku ile ile, saa kumi.

Tulifika saa tisa na nusu. Klementi alitangulia kuelekea kwenye ngazi, kama anavyotangulia siku zote, kofia imerudi kichwani, ameshaanza kukohoa kusafisha koo.

"Baba," Romana alimwita. "Baki hapa chini."

Tukapanda mimi na yeye. Romana alimwamkia msajili yeye mwenyewe, akajieleza mwenyewe. Walipouliza nani atie sahihi ya mzazi, alinisogezea mimi kalamu. Nilitaka kumwambia amwite baba yake, na sikumwambia.

Tulipotoka tulimkuta Klementi amesimama kati ya matairi. Muuza duka alikuwa amemletea stuli, hakuikalia. Alinitazama mimi, kisha akamgeukia Romana.

"Wamesemaje?" aliuliza.

Maisha yake yote yeye ndiye aliyerudi na jibu, wengine wakamngoja mlangoni.

"Jumatatu naanza," Romana alimjibu bila kusimama, akatoka barabarani kututafutia usafiri.