Mfinyanzi Aliyeshika Mrija

Sisi watu wa Kanazi hujisifu kwamba tuliwapokea wakimbizi wa ng'ambo ya mpaka kwa mikono miwili. Labda. Mukandayisenga, mfinyanzi kutoka kambini, tulimpokelea vyungu vyake tu. Kwa kuwa alikuwa Mtwa, wa kabila la wafinyanzi linalodharauliwa kwao, akija na kiu alipewa maji kwenye kibuyu chenye ufa, kilichotundikwa nje ya ua wetu kwa ajili yake peke yake. Wakimbizi wenzake walimtenga vivyo hivyo, nasi tukaiga bila hata kuulizana.

Kaka yake, Nyandwi, hakuwa mtu wa kubembeleza. "Tujitenge, dada," alimwambia mbele yetu. "Tujenge vibanda vyetu pembeni, tunywe chetu. Kwao unajidhalilisha bure." Sikumlaumu. Kibuyu kile hata mbwa angekikataa.

"Chungu wanachonywea nimekifinyanga mimi," Mukandayisenga akajibu. "Nitajitengaje nacho?"

Mwaka 1995 baba yangu, mzee Bartholomayo, alimwagiza chungu kikubwa cha pombe ya ndizi, kwa siku ya kupokea mahari ya dada yangu. Akakileta asubuhi ileile, pombe ikamiminwa, mirija ikatiwa. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, wageni waone haina sumu. Baba hajainama, Mukandayisenga akapiga magoti, akashika mrija, akanywa.

Mkwe mtarajiwa akavaa kofia yake, tayari kuondoka. Baba akanitupia jicho, nami, Mungu anisamehe, nikamshika mama wa watu mkono nimtoe.

"Nitatoka," akasema. "Ila chungu hiki nacho ni Mtwa. Tutoke wote."

Sijaona ujasiri kama ule, na nimeishi miaka mingi. Mama yangu, Ildefonsa, akainuka, akauchukua mrija uleule kutoka mkononi mwa Mukandayisenga, akanywa bila kuufuta. "Pombe imeiva," akasema. "Wakwe, karibuni." Mkwe akavua kofia, akainama. Jioni mama alikivunjavunja kile kibuyu, akakitia motoni.

Mkwe alipoinama tu, nilitoka mbio kumwita Nyandwi, aliyekuwa amesimama nje ya ua.

"Dada yangu ameingia kwa nguvu," akasema. "Mimi nitaingia siku mtakayoniita kabla hamjaaibishwa."

Desemba 1996 ndugu hao wawili walivuka daraja la mpakani la Rusumo kurudi kwao. Chungu tunacho hadi leo, nami hujisifu nacho kwa kila mgeni. Nyandwi hatukumwita.