Mama Alisema Alimukula Muntu ku Kilio

Yaya yangu, dada mukubwa mwenye tulinyonya ziwa moja, anaishi mutaa wa Katuba. Sauti yake ku kanisa inatetemesha mabati, na bukari yake, ule ugali wa unga, inapita ya bote mu mutaa. Lakini mutoto muchanga, hapana! Hamubebaka hata kidogo. Yeye hakuzaaka. Ukimuletea mutoto, anasema: "Mumulalishe ule pale, niko na unga mu mikono." Siku yote unga! Hata akitoka kuoga, unga!

Bantu balisema iko na kiburi. Miye nilijua.

Tulikuwa batoto wakati bazungu balimufunga mama juu ya bulozi. Balisema alikula muntu. Balimupeleka ku tribinali, kule banahukumu bantu, bakamutia mu boloko ya bafungwa, kisha akarudia ku nyumba, akapika, akazeeka na siye, na juu ya ile mambo hakufungua kinywa. Batoto ba mutaa balitupigia makelele: "Batoto ba mulozi! Batoto ba mulozi!" Miye nilibatupia majiwe, roho yangu inatulia. Lakini yaya alibakia nayo ndani. Alisikia bulozi inatokaka kwa mama inaingia kwa binti mukubwa, sawa vile sufuria ya nyumba. Njo maana alikatala kubeba mutoto wa muntu. Aliogopa atamufanya mubaya bila yeye kujua.

Sasa mujukulu yangu, ule anajifunza kazi ya avoka, kutetea bantu ku tribinali, anapenda makaratasi ya zamani sawa vile bengine banapenda bitumbua. Alienda kutafuta mu mafungu ya tribinali, yale panya ilisahau kula. Siku ya Mungu moja, kisha misa, tuko kwa yaya, ule mujukulu anaingia na mutoto wake mupya ku mugongo, telefone mu mukono, anapumua mbio.

"Kambo," vile anatuitaka siye bazee bake, "nilimupata mama yenu!"

Miye nikamuambia polepole: "Nyamaza. Usimuonyeshe yaya."

Yaya kule ku jiko: "Asinionyeshe nini? Muko biziwi, ao munazani miye njo kiziwi?"

Akakuja, akaikala, akafunga kikwembe, kitenge yake, muzuri. "Soma."

Mujukulu akasoma mu telefone, kule alipiga picha ya makaratasi. Karani aliandika Kifaransa, lakini maneno ya mama alibakisha mu Kiswahili. Ku kilio, ile matanga ya muntu fulani, mbele ya bantu bote, mama alisema: "Ni miye nilimukula uyu! Alikuwa anaringa, nikamukula. Na nyama yake ilikuwa ngumu!"

Yaya akaangalia chini. Miye nikaona mikono yake inajificha mu kikwembe.

"Endelea," anasema.

Zuzi, hakimu wa bazungu, anauliza mama: ulisema vile? Mama anajibu: "Ndiyo, nilisema. Bote balisikia. Balicheka." Zuzi: balicheka juu ya nini? Mama: "Juu yeye iko mbuzi." Basi karani anaandika kama mushitakiwa anakubali makosa, na tena anageuzaka bantu kuwa mbuzi!

Yaya akainua kichwa. "Ule mwenye alikufa, alikuwa wa ukoo gani?"

"Wa Mbuzi, Kambo."

Eh mama yangu! Siye tuko bantu ba ukoo wa Chui. Chui na Mbuzi ni banungwe, batani ba ukoo, banachekeshana tangu zamani za bakambo. Mbuzi akikufa, Chui anakuja ku kilio kutukana: anamufukuza mujane ku mukeka, analala yeye, anaomba supu, analalamika: ni miye nilimukula, mbona munalilia chakula yangu! Bantu banacheka na machozi mu macho. Kilio bila munungwe iko baridi sana. Mama alifanya kazi yake tu. Karani alitoka mbali, zuzi alitoka mbali kumupita, na hakuna mwenye aliuliza mbuzi ni nini.

"Miye nilielewa pale pale," mujukulu anasema, "lakini nilitaka Kambo mukubwa asikie sauti ya mama yake yeye mwenyewe."

Yaya akajipiga mukono ku goti. "Juu yeye iko mbuzi!" Akacheka mupaka kitambaa ya kichwa ikaanguka. Miye nikacheka, mutoto akashituka akalia. Kisha nikaona yaya hacheki tena, analia. "Balimufunga juu ya kuchekesha," anasema. Nikakumbuka mama hakuchekeshaka tena ku kilio hata moja. Alikuwa anaikala nyuma ya bote. Utaeleza namna gani masihara kwa muntu mwenye kushika funguo ya boloko?

Yaya akapangusa macho. "Leta ule mutoto."

Mujukulu akaniangalia. Miye nikasema: "Fungua kikwembe ya mugongo, umupe."

Alimushika sawa vile banashika chungu ya moto. Muzee muzima, hajui! "Kichwa inashikwa wapi?" "Hapa, yaya, mu kiwiko. Usimukaze, hawezi kukimbia." "Iko muzito." "Ni mutoto, hapana muhogo." Mutoto akanyamaza, akamuangalia. Yaya naye akamuangalia.

Kisha mutoto akaanza kutafuta ziwa, mujukulu, mama yake, akanyoosha mikono amuchukue.

"Ngoja kwanza," yaya anasema, anageuka, anamupa mujukulu mugongo. "Miye njo kwanza ninaanza kubeba."