Wanaorudi Jioni Uani

Siku mpangaji mwenzangu aliponikuta nimelala kifudifudi nyuma ya choo, nimevaa nguo za kazini na shavu liko kwenye udongo, alipiga yowe lililowatoa majirani wa nyumba tatu. Alidhani nimeanguka. Mimi nilikuwa nampiga picha chura. Chura mwenyewe, mkubwa, mwenye uso wa mtu aliyenyimwa haki yake, aliruka akajificha chini ya ndoo, na picha niliyoambulia siku hiyo ni ya kanga ya huyo mama ikija mbio. Ninayo mpaka leo. Nikiwa na mawazo naifungua nacheka peke yangu.

"Dada, utatuua kwa presha," alisema akijishika kifua. "Chura? Chura naye wa kupigwa picha?"

Yeye na mumewe wana duka la vyombo sokoni hapa Bariadi, na wamepanga vyumba viwili upande wa pili wa ua wetu. Tangu siku hiyo amenizoea. Akinikuta nimechuchumaa kwenye mchicha anapita kwa kunyata na beseni lake kichwani, kisha akifika mbali ananiuliza kwa sauti kama nimeshampata.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Niko dirishani, kwenye mizani, na msimu ukishika kasi nashinda nikizozana na madereva wa malori ambao kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Mashine zinanguruma, vumbi la pamba linaelea, na jioni natoka hapo nywele nyeupe kama bibi kizee. Nami nina hasira za karibu, sikatai. Jioni moja, simu yangu ikiwa bado mpya, nilimfuata mjusi ukutani ili kuijaribu tu kamera yake. Ukitaka picha ya mjusi lazima unyamaze. Unapumua polepole, unasogea kidogo, unasimama, unasogea tena. Nilipoipata ile picha niligundua kwamba nimemsahau kabisa dereva aliyenitukana mchana. Ndivyo nilivyoanza, na sijaacha.

Ua wetu si bustani ya kujivunia. Upande mmoja umezungushiwa mabati, upande mwingine ni minyaa. Kuna mpapai, mlonge, matuta ya mchicha, kamba ya nguo, banda la kuku, pipa la maji ya mvua, na rundo la matofali ambayo mwenye nyumba anasema atayajengea, nasi tunamwitikia. Hayo matofali ndiyo makao makuu. Humo wanaishi mijusi wale wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, madume yao yakipiga pushapu ukiwatazama. Nina paka pia, mvivu, ambaye hupita mbele ya kamera kila ninapokaribia kupata kitu cha maana.

Baba alikuja kukaa nami mvua za kwanza zilipoanza. Mama alishatangulia mbele za haki. Baba ni mfugaji wa Bukundi, huko Meatu, mtu aliyeishi umri wake wote nyuma ya ng'ombe, na kilichomleta kwangu ni nyonga. Aliteleza kwenye korongo, akavunjika, akatibiwa, akapona nusu. Daktari akasema akae karibu na hospitali. Ng'ombe wakabaki kwa mdogo wake, baba yangu mdogo, ambaye ndiye aliyemleta, na kabla hajapanda gari kurudi aliutazama ua wetu bati kwa bati.

"Huyu ni kaka yangu, namjua," aliniambia. "Hawezi kuishi ndani ya kopo. Mvua zikiisha nakuja kumuuliza. Akisema anarudi, namchukua, na wewe usiweke maneno."

Niliahidi kutoweka maneno. Lakini nilijua kwamba kule nyumbani watu wote wanashinda shambani na machungani, hakuna wa kumkumbusha dawa wala wa kumshika mkono akienda kuoga. Na zaidi ya hayo, sikutaka aondoke. Nilikuwa nimekaa peke yangu muda mrefu. Kusikia mtu akikohoa chumba cha pili asubuhi kulinifanya nijione nami nina kwetu.

Tatizo lilikuwa geti. Kila jioni nilipokata kona kutoka barabara kubwa, nilimkuta amesimama pale na fimbo yake, amelifungua nusu, anatazama njia. Nilijua maana yake, au nilidhani najua. Ile ndiyo saa ng'ombe wanaporudi. Nimekua nikimwona akisimama vilevile kwenye mlango wa zizi. Hakuwa akihesabu, alisema kuhesabu ni kazi ya wanunuzi. Alikuwa akiwaangalia mmoja mmoja wakipita, huyu mwekundu mwenye paji jeupe, yule wa mabaka, yule wa pembe iliyoinama, na kama kuna aliyebaki nyuma alimjua hapohapo. Hakuingia ndani kula mpaka wa mwisho apite. Sasa alikuwa amesimama kwenye geti la bati, mbele yake bodaboda na wanafunzi. Namwamkia, ananiitikia, anarudishia geti, anaingia kimya. Ugali anaumegamega tu na kuuacha. Roho iliniuma.

Nilianza kumwonyesha picha zangu kwa sababu sikuwa na kingine cha kumwonyesha. Ya kwanza ilikuwa ya kinyonga kwenye mlonge.

"Hiki kinakamuliwa?" aliuliza.

"Hapana, baba."

"Kinachinjwa?"

"Hapana."

"Sasa kinafanya nini hapa, mayu?" Wazee wa kwetu huwaita mabinti zao hivyo, mayu, yaani mama.

Nikamwambia kinakula nzi. Akacheka kwa pua, akanirudishia simu. Lakini kesho yake aliiomba mwenyewe.

Jioni moja aliishika kwa mbali, kama wanavyofanya wenye macho ya zamani, akawa anarudisha picha nyuma kwa kidole chake kigumu, moja, nyingine, tena ile ya kwanza.

"Huyu mwenye mkia uliokatika yuko wapi leo?"

"Yupo tu, baba. Labda amelala."

"Jua halijazama, analalaje? Jana alikuwa kwenye tofali la pembeni. Juzi pia. Leo wenzake wapo, yeye hayupo. Mmemtafuta?"

Nilitaka kucheka, ila alikuwa ameshaichukua fimbo. Tukazunguka ua mzima, mzee mwenye nyonga mbovu na karani mwenye pamba kichwani, tukimtafuta mjusi. Mpangaji mwenzangu akatoka kuuliza tumepoteza nini, akaambiwa, akaingia ndani bila neno. Tulimkuta ndani ya pipa. Maji yalikuwa yamebaki kidogo tu chini, naye amejibandika ubavuni, anapanda, anateleza, anapanda tena. Baba aliishusha fimbo taratibu, akaiegemeza, akaishikilia. Nikamwona anavyouma meno kwa maumivu nikataka kumpokea, akaniambia ninyamaze. Tukakaa hivyo. Mwishowe mjusi akapanda fimbo, akapita juu ya mkono wa baba, akafika begani, akasimama hapo akipiga pushapu mbili tatu kama mwenye mali, kisha akaruka kwenye matofali. Baba alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Nilisahau kabisa kupiga picha. Simu ilikuwa mkononi. Usiku ule alimaliza ugali wote akauliza kama kuna mboga imebaki.

Tangu hapo tukawa na kazi moja. Nikirudi napiga picha mpaka mwanga unakwisha, kisha tunakaa kwenye benchi la nje na baba anapitisha macho kuona nani ameingia na nani bado. Jina hakumpa hata mmoja. Aliwajua kwa walivyo: kuku mweusi wa kidole kilichopinda, chura wa mgongo wenye mstari, kinyonga mwenye jeraha la jicho. Paka wangu tu ndiye aliyemwita fisi, naye paka akampenda kuliko anavyonipenda mimi ninayemlisha. Si kwamba baba alikuwa sahihi siku zote. Aling'ang'ania kwamba tetere wawili wa kwenye mpapai ni mume na mke walewale tangu alipofika, nami nilikuwa na picha za kuonyesha kwamba mmoja amebadilika. Alizitazama, akasema simu yangu ndiyo imebadilika.

Kisha akaja chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, akatundika kiota chake kwenye waya karibu na kamba ya nguo. Nilimpiga picha kutoka kila upande. Nilipoikuza moja niliona katikati ya majani makavu na utando wa buibui kuna nyuzi nyeupe. Ilikuwa pamba. Kila jioni nalikung'uta gauni langu la kazi palepale kwenye kamba, naye alikuwa akiokota. Yale mavumbi niliyokuwa nayalaani njia nzima kuanzia kiwandani yalikuwa yamegeuka godoro la mtu. Nikampelekea baba simu. Alitazama muda mrefu, akaninyooshea mkono, akanitoa unyuzi juu ya sikio, akachechemea mpaka kwenye kamba na kuukwamisha hapo.

"Mwachie," alisema.

Nilishukuru siku ile kwa namna ambayo sikuwahi kushukuru hata kanisani. Nilishukuru kwa ile nyonga iliyomleta, Mungu anisamehe. Nilishukuru kwa kazi inayonijaza pamba, kwa ua wa mabati, kwa matofali yasiyojengewa. Kesho yake dereva mmoja alinifokea dirishani nikamjibu kwa upole mpaka akaniuliza kama naumwa.

Lakini geti lilibaki vilevile. Hata kwenye siku zetu nzuri kabisa, nikikata kona namkuta amesimama, fimbo mkononi, macho njiani. Nikajiambia kwamba haya ya mijusi ni ya kupitisha muda tu, moyo wake uko kule.

Mvua zilipoisha baba mdogo akaja kama alivyosema. Akakaa, akanywa chai, akamuuliza kaka yake mbele yangu anataka nini. Baba alitazama chini.

"Nataka kuwaona ng'ombe," alisema.

Basi, ikawa imetosha. Sikuweka maneno. Nikampigia pasi shati, nikamfungia dawa zake, nikamweleza baba mdogo ipi ni ya asubuhi na ipi ya jioni. Gari lilipokata kona nikalia kwa sauti. Mpangaji mwenzangu alitoka, na safari hii hakupiga yowe. Alinishika tu begani tukasimama.

Siku zilizofuata sikupiga picha. Nilikuwa nikifika, nakuta geti limefungwa, nafungua mwenyewe, napitiliza ndani, simu inabaki kwenye mkoba. Chozi analia nje, mimi nimewasha redio. Sikutaka kuona nani ameingia.

Ilipofika jioni moja, giza ndiyo linaanza, simu ikalia. Namba ya baba mdogo, sauti ya baba.

"Mwadila, mayu." Ndiyo salamu yetu ya jioni.

"Mwadila, baba. Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo, wamenenepa. Wameshaingia wote. Na huko, wameingia?"

Niliona aibu kusema sijui. Nikamwomba asubiri, nikawasha tochi ya simu, nikatoka.

"Mwenye mkia uliokatika?"

Nikamulika matofali. Mkia ule mfupi ulikuwa umechungulia kwenye ufa. "Yupo, baba."

"Kuku wa kidole?"

"Yupo bandani."

"Mke wa yule tetere?"

"Yupo. Ila si yule wa zamani."

"Ni yuleyule. Chozi?"

"Amelalia mayai. Naona mdomo tu."

"Fisi?"

"Yuko mguuni kwangu."

"Vizuri." Nikasikia akivuta pumzi. "Na yule wa pamba?"

Nikasimama. Nikapitisha tochi juu ya mlonge, juu ya pipa, nikifikiri ni yupi aliyemwona yeye nami sikumwona. "Wa pamba yupi, baba?"

"Yule anayekuja kichwa cheupe. Anayechelewa kuliko wote. Hao wengine wanaingia wenyewe, yeye ndiye nilikuwa namtokea getini."

Nikasema, "Mimi nilidhani ulikuwa unawangoja ng'ombe."

"Ng'ombe wako Bukundi, nitawangojaje Bariadi? Nimevunjika nyonga, mayu, sikuvunjika kichwa." Alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha puani. "Sasa nijibu. Ameingia?"

"Ameingia, baba."

"Salama?"

"Salama kabisa. Wabeja, baba." Asante ya kwetu ndiyo hiyo, na kwa Kiswahili isingenitoka.

"Haya. Hawa nimewaona, wana watu wa kuwaangalia. Jumamosi baba yako mdogo ananileta. Nenda ukafunge geti."

Nikaenda, machozi yananitiririka, paka ananifuata, na simu ikiwa bado sikioni. Hakukata. Nilimjua: alikuwa anasubiri asikie komeo.