Ungo wa Maharage Chini ya Mguu Wangu

Fundi aliyekuja kunitengenezea paa mwezi uliopita alinishauri niweke dari. "Mama, mvua ikipiga haya mabati huwezi hata kusikia redio," aliniambia akiwa bado juu ya ngazi. Nikamwambia ayaache mabati yangu yalivyo, ashuke anywe chai. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama bibi kizee aliyeanza kuchanganyikiwa, nami sikujisumbua kumweleza, maana habari yenyewe ni ndefu na chai ilikuwa inapoa. Wewe rafiki yangu una nafasi. Kaa nikusimulie.

Mimi ni wa milimani, upande wa mashariki wa Uluguru, ambako mvua haina kalenda. Nyumbani tulikuwa na migomba, karafuu na mdalasini, na hata leo nikipita sokoni mtu akavunja kijiti cha mdalasini, narudi utotoni hapo hapo. Zilikuwa enzi za Ujamaa. Kila shule ilikuwa na shamba, kila mtoto alikuwa na jembe, na kila asubuhi kabla ya masomo tulikimbia mchakamchaka. Kiongozi wa mchakamchaka shuleni kwetu nilikuwa mimi. Usicheke. Nilikuwa na vijiguu kama vya kuku, lakini nikikanyaga, shule nzima ilikanyaga. Hadi wakubwa wa darasa la saba walinifuata, nami nilijiona jemadari.

Shule hiyo zamani ilikuwa ya misheni, kisha ikawa ya serikali. Mapadri walipoondoka waliacha kabati moja stoo ambalo hakuna aliyelijali, mpaka tulipoletewa mwalimu kijana aliyekuwa amesomea muziki ng'ambo. Alilifungua kabati akakuta fidla zimejaa vumbi. Alizipangusa, akazigundisha palipoachia, akaanza kutufundisha jioni baada ya kumwagilia bustani. Mimi nilipewa viola, ambayo ni fidla iliyonenepa kidogo, yenye sauti nzito kama ya mtu aliyetoka usingizini. Wenzangu hawakuitaka. Mimi niliipenda siku ile ile.

Baada ya miaka miwili mwalimu akapata kibali cha kuendesha kambi ya muziki wakati wa likizo ya mwezi wa sita: wiki tatu, watoto ishirini na wanne kutoka pande mbalimbali za Morogoro, wote wanalala shuleni kwetu. Hapo ndipo nilipokwama. Mwezi wa sita nyumbani kuna kazi, na kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, mwenye neno juu yake ni mjomba. Mama alinipeleka kwake. Mjomba hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache hayakurudishwa nyuma.

"Hiyo viola yako ni kazi au ni mchezo?" aliniuliza.

"Ni kazi, mjomba."

"Basi nakupa likizo hii moja. Siku ya mwisho nitakuja mwenyewe kuisikia. Nikisikia kazi, utaendelea. Nisiposikia kazi, itarudi kabatini, na wewe utarudi shambani. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na sikuwahi kutaka kitu chochote duniani kama nilivyotaka kuendelea kupiga ile viola.

Ungeiona kambi yenyewe! Tulilala madarasani juu ya mikeka, wasichana upande wa juu, wavulana upande wa chini. Alfajiri tulioga mtoni, maji ya baridi kiasi cha kukunyang'anya jina lako. Kisha uji. Sukari ilikuwa haipatikani, kwa hiyo mama mpishi aliponda ndizi mbivu akazikorogea ndani, na mpaka leo uji wa sukari naona una upungufu. Baada ya uji tulikwenda shamba la shule kuvuna maharage, kwa sababu kambi ilitakiwa ijitegemee, na saa nne tulinawa mikono tukachukua vyombo. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na malengelenge ya jembe na wa kushoto una sugu za nyuzi. Niliitembeza yote miwili kama nishani.

Mwalimu alitugawa makundi sita ya watu wanne wanne, kila kundi na kona yake. Kundi moja lilifanyia mazoezi stoo ya mbegu, jingine ukumbini, jingine kwenye banda la ng'ombe ambalo halikuwa tena na ng'ombe ila harufu yake. Sisi tulipewa upenuni mwa jiko. Ukipita uwanjani ulisikia nyimbo sita kwa mpigo, mto chini na kuku katikati.

Katika kundi letu hatukuitana majina, tuliitana mahali. Wa Reli alikuwa mtoto wa karani wa stesheni ya Morogoro mjini, mvulana nadhifu mwenye kitana mfukoni, naye ndiye aliyepiga fidla ya kwanza. Wa Mzumbe, binti wa mkufunzi, alipiga fidla ya pili na kusahihisha Kiswahili cha kila mtu. Wa Kingolwira alikuwa mtoto wa askari magereza, mvulana mpana, mpole, aliyekumbatia selo, ile kubwa inayosimama chini, kama anambembeleza ndama. Mimi nikawa wa Mlimani.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Muziki wa watu wanne hauna mtu wa kusimama mbele na kupunga fimbo. Hauna ngoma. Wa kwanza anavuta pumzi kwa pua, wengine watatu wanavuta naye, na pumzi ikishuka, pinde nne za kupigia zinashuka kwenye nyuzi. Baada ya hapo ni kutazamana na kusikilizana mpaka mwisho. Mwalimu alikuwa na msemo wake: "Mwenye pumzi ndiye mwenye neno." Wenzangu walielewa kwa siku mbili. Mimi nilikuwa na mguu.

Ule mguu wa mchakamchaka, rafiki yangu, haukukubali kustaafu. Tukianza tu, wenyewe unaanza: pu! pu! pu! Na kwa kuwa ulikuwa mguu uliozoea kufuatwa, wenzangu waliufuata. Wimbo wetu ulikuwa wa taratibu, wa kama watu wanaotembea jioni bila haraka, lakini mimi nilizoea kukimbia mteremko. Kufika katikati tulikuwa mbio, Wa Reli jasho linamtoka, Wa Kingolwira anahema na selo yake. Mwalimu akatusimamisha. "Nani ameitisha mchakamchaka hapa?" Wote watatu wakatazama mguu wangu.

Alinionya siku ya kwanza, akanionya siku ya pili. Siku ya tatu aliingia jikoni akatoka na ungo wa mama mpishi, umejaa maharage makavu, chakula cha mchana cha kambi nzima. Akanivua kandambili. Akauweka ungo sakafuni na kuuegemeza ukingo wake juu ya vidole vya mguu wangu.

"Piga," akasema.

Sikufika mstari wa pili. Maharage yaliruka kama senene, yakaingia chini ya viti, chini ya mawe ya jiko, na mengine ndani ya selo kupitia yale matundu yake. Nililazimika kuyaokota moja moja, kisha kuanza upya. Siku ile niliyamwaga mara tano. Mama mpishi alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Jamani, huyu mtoto wa Kiluguru ana kwato? Leo kambi itakula saa kumi, na mkiulizwa mseme ni mguu wake!" Ikawa hivyo hasa. Tulikula saa kumi, na watoto ishirini na watatu walinitazama juu ya sahani zao.

Usiku nililia, nakwambia wazi. Sikulilia maharage. Nilikuwa nahesabu siku na kumwona mjomba amekaa kwenye benchi, anasikia kishindo cha mguu na vurugu, kisha anainuka. Asubuhi yake, tukirudi kutoka mtoni, Wa Kingolwira aliniambia neno moja bila kunitazama, maana alikuwa na haya. "Wewe unatazama chini. Usitazame chini. Nitazame mabega."

Nikamtazama mabega. Yalikuwa makubwa, huwezi kuyakosa. Kabla ya kila sauti yalipanda kidogo, na nikaona ya Wa Mzumbe nayo yanapanda, na kitana cha Wa Reli kinainuka mfukoni. Nikaanza kuvuta pumzi nao. Siku ya tisa nilimaliza wimbo mzima na ungo miguuni, na likaanguka harage moja tu. Mama mpishi aliliokota akanipa. Alisema nile au nilitunze, shauri langu. Nililitunza kwenye mfuko wa gauni.

Siku ya mwisho ikafika. Wazazi walijaa ukumbini, ukumbi wa mabati matupu usio na dari, kama hii nyumba yangu. Mjomba alikuja kwa miguu tangu nyumbani, baraghashia yake kichwani na mkungu wa ndizi begani kwa ajili ya jiko la kambi. Nikapiga goti kumwamkia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya, nimekuja kusikia."

Akakaa benchi la mbele kabisa.

Sisi tulikuwa wa mwisho. Wa Reli akavuta pumzi, tukavuta naye, tukaanza vizuri kuliko tulivyowahi kuanza. Nikamwona mjomba ametega sikio. Tulikuwa hatujafika hata robo ya wimbo nilipohisi giza madirishani, na tone moja likapiga bati. Kisha matone kama mahindi yanayomwagwa. Kisha mlima wote ukatudondokea.

Wewe uliyekulia chini ya dari hujui mvua ile. Haikuwa sauti tena, ilikuwa ukuta. Nilivuta upinde na sikusikia viola yangu mwenyewe, iliyokuwa chini ya kidevu changu! Wa Mzumbe, ambaye kiwiko chake kilikuwa karibu kunigusa, sikumsikia kabisa. Na mjomba nikamwona ameweka kiganja nyuma ya sikio, amekunja uso, kisha akakishusha kiganja. Alikuja kusikia, na hakukuwa na cha kusikia.

Ndipo mguu ukainuka. Wenyewe, kama ulivyozoea. Ukasimama hewani. Nikajisemea, hata ukikanyaga, nani atausikia leo? Nikakumbuka harage langu mfukoni, nikaushusha mguu polepole kama ungo upo. Nikainua macho.

Wote watatu walikuwa wananitazama. Mabega yakapanda. Tukavuta pumzi pamoja, watu wanne ndani ya ngurumo ile, na pinde nne zikashuka. Kuna mahali katika wimbo ule tunaponyamaza wote, kisha tunaanza upya. Tukanyamaza, ingawa hakuna aliyejua kwamba tumenyamaza. Wa Reli akavuta pumzi. Tukaanza. Sijapata kuwa na furaha kama ile, kupiga muziki ambao hata mimi siusikii na kujua kwamba upo. Nilitabasamu kama mwendawazimu, na Wa Kingolwira naye akatabasamu, na Wa Mzumbe, msichana yule wa kusahihisha watu, alikuwa anacheka kabisa.

Mvua ya milimani haiagi. Ilikatika ghafla, na muziki ukachomoza katikati ya ukumbi, fidla mbili, viola na selo, tuko mahali pamoja, sauti moja. Ukumbi mzima ulisema "Ahaa!" kwa pamoja. Mpaka leo naisikia ile "ahaa". Tulimaliza mistari iliyobaki taratibu, kama watu wanaotembea jioni bila haraka, huku maji yanachuruzika kwenye michirizi. Kisha makofi, vigelegele, mama mpishi anapiga mwiko kwenye sufuria. Mwalimu alikuwa amegeukia ukutani anafuta miwani yake.

Mjomba alinisubiri nje, penye matope.

"Sehemu kubwa sikuisikia," akasema. Nikainamisha kichwa. "Lakini niliwatazama. Nikajisemea, mvua hii ikikatika nitawakuta hawa watoto wametawanyika kama mbuzi. Nimewakuta mko pamoja." Akakohoa. "Ile ni kazi. Mwakani utarudi."

Nikarudi, na mwaka uliofuata tena, na uliofuata. Kisha nyuzi zikaisha na hazikuagizwa nyingine, mwalimu akahamishwa, na kambi ikafa bila matangazo. Ukumbi wenyewe ulivunjwa. Nilipita pale siku moja, nikakuta nyasi na kipande cha msingi, na mto bado unapiga kelele zake chini. Viola nilibaki nayo, nikaja kuitafutia nyuzi mjini, na nilifundisha muziki maisha yangu yote mpaka nilipostaafu, na wanafunzi wangu wote niliwavua viatu na kuwawekea ungo. Wazazi wao walilalamika sana.

Mjomba alizeeka, na mwishoni masikio yalimwacha kabisa. Nilidhani hapo ndipo viola ingekuwa haina maana tena nyumbani kwake. Kumbe kila nilipokwenda kumwamkia alinionyesha kiti mbele yake, akanionyesha sanduku langu la viola, akaketi wima na baraghashia yake. Mara ya mwisho nilikaa tayari, upinde juu, nikamtazama. Mabega yake yakapanda. Mzee alivuta pumzi kwa pua, pumzi kamili ya fidla ya kwanza, nami nikavuta naye, tukaanza.